Kayaki Moja au Mbili: Kisa cha Mvuvi Mwenye Familia

Ombi lililonifikia lilikuwa fupi: "Nisaidie kuchagua kayaki moja nitakayovulia baharini peke yangu, na siku za mapumziko nipande na mke wangu na watoto." Kayaki ni mtumbwi mdogo mwembamba unaoendeshwa kwa kafi au kwa miguu. Aliyeniomba ni mtu ninayemfahamu vizuri, mvuvi wa mshipi tangu ujanani, mwenye nguvu na anayejua kuogelea. Ana uzito wa kilo 84. Mkewe ana kilo 63. Binti yao wa miaka 11 ana kilo 36, na mdogo wake wa kiume, wa miaka 7, ana kilo 21. Huingilia baharini kwenye ufuo wa mchanga wenye mawimbi yanayovunjika, madogo siku nyingi, makubwa siku chache. Chombo atakibeba juu ya keria ya gari dogo. Fedha walizotenga zinatosha kayaki moja mpya ya watu wawili yenye kanyagio, na hiyo ndiyo aliyokuwa ameshaipenda. Kilichobaki ni mimi kumwambia ndiyo.

Sikumwambia ndiyo. Naeleza sababu kwa kirefu kwa kuwa ombi la aina hii nakutana nalo mara kwa mara, na humo ndani kuna watoto.

Kwanza nitende haki kwa kayaki aliyoipenda, kwani si chombo kibaya. Ina urefu wa mita 4.2, upana wa sentimita 90, viti viwili vya kuinuka, na kila kiti kina kanyagio zake. Tangu kampuni ya Hobie ilipotoa mfumo wake wa MirageDrive mwaka 1997, ambao huendesha mapezi mawili chini ya chombo kwa nguvu za miguu, wavuvi wengi wameachana na makafi. Kampuni nyingine hutumia rafadha, yaani pangaboi, badala ya mapezi. Faida kwa mvuvi iko wazi: miguu ina nguvu kuliko mikono, haichoki upesi, na mikono hubaki huru kushika ufito wa kuvulia. Ukiwa unakokota chambo nyuma ya chombo, au unataka kubaki juu ya mwamba mmoja huku upepo ukikusukuma, kanyagio huishinda kafi bila ubishi. Mtu anayesema kanyagio ni anasa tu hajawahi kupambana na samaki mkubwa huku kafi likimteleza mapajani.

Ila tulipoanza kupiga hesabu za uzito, mambo yakabadilika. Wote wanne kwa pamoja ni kilo 204. Ongeza majaketi ya kuokolea maisha, maji ya kunywa, nanga na kamba, unafika kama kilo 216. Mtengenezaji ameandika kwamba kayaki ile hubeba kilo 215. Kwa hiyo ile picha aliyokuwa nayo kichwani, familia nzima juu ya chombo kimoja, ilikufa palepale kwenye karatasi. Na hata hiyo 215 haikuwa namba ya kutegemea. Namba ya mtengenezaji huonyesha kiwango cha juu ambacho chombo kinaweza kubeba. Haikuhakikishii kwamba kikibebeshwa hivyo kitaendesheka vizuri. Baharini mimi sipendi kuvuka asilimia 70 ya namba hiyo. Ukizidisha, chombo huzama kiasi cha maji kupanda kupitia yale matundu ya sitahani ya kutolea maji, watu hukaa wamelowa, kila wimbi hupita juu ya sitaha, na kayaki hugeuka kwa uzito. Asilimia 70 ya 215 ni kama kilo 150. Baba na watoto wawili, pamoja na mizigo, wanafika 153. Yaani hata bila mama, chombo kile kikubwa kilikuwa tayari kimefika mwisho wake.

Nilimwonyesha hesabu hiyo, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba basi watapanda kwa zamu. Sawa. Zamu ni jibu la busara, na kama ingekuwa hiyo tu, mjadala ungeishia hapo.

Tatizo la pili lilikuwa kilo za kayaki yenyewe. Ikiwa na viti, kanyagio na usukani ilikuwa inafika kilo 50. Wakiwa wawili, hiyo hubebeka. Lakini yeye huvua peke yake alfajiri. Chombo cha kilo 50 atakipandisha vipi juu ya keria akiwa amechoka, mchanga ukimtitia miguuni? Kigari cha magurudumu mawili husaidia kuvuka ufuo, hasa chenye matairi mapana yaliyojaa upepo kidogo, na wapo wanaopakia kwa kuegemeza omo, yaani ncha ya mbele ya chombo, kwenye keria ya nyuma kisha kusukuma kutoka tezi, yaani ncha ya nyuma. Inawezekana, ila nimeona watu wengi wenye kayaki nzito nzuri ambazo hazitoki nyumbani. Kayaki usiyoweza kuipakia peke yako hutaivulia peke yako.

Tatizo la tatu ndilo wanunuzi hulisahau zaidi. Kayaki ya watu wawili ikipandwa na mtu mmoja aliyeketi kiti cha nyuma, omo huinuka. Sehemu iliyoinuka hushika upepo, na upepo ukitoka ubavuni huisukuma omo upande wa demani, yaani kule upepo unakoelekea, ukabaki kupiga kafi upande mmoja tu ili kuinyoosha. Nguvu ya upepo haiongezeki kwa ulingano na kasi yake: upepo ukiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Wengine huweka mfuko wa maji wa kilo 15 au 20 omoni ili kusawazisha, na huo ni ujanja mzuri. Nao, hata hivyo, ni uzito mwingine wa kuuburuta kutwa nzima.

Nikampigia hesabu ya kurudi. Tuseme yuko kilomita 2 kutoka ufuoni. Kwenye maji matulivu mtu wa kawaida hupiga kafi kwa mwendo wa noti 3 hivi (noti moja ni kama kilomita 1.85 kwa saa), kwa hiyo atarudi kwa dakika zipatazo 22. Mkondo wa noti 1 ukimpinga, zinakuwa dakika 32. Upepo wa kumkabili ukimla noti nyingine, amebakiwa na noti 1, na safari ileile inachukua zaidi ya saa nzima, bila kupumzika, kwa sababu kila anapopumzika anarudishwa nyuma. Urefu wa chombo husaidia hapa, ingawa si kwa jinsi watu wanavyodhani. Kasi ya juu ya umbo la chombo hutokana na urefu wake majini: mita 3.7 hufikia kikomo cha noti 4.7 hivi, na mita 4.2 hufikia kama noti 5. Tofauti ni ndogo mno. Kinachomfaa mvuvi ni kwamba chombo kirefu na chembamba kidogo hudumisha zile noti 3 kwa jasho dogo zaidi, na baada ya saa nne za kuvua hilo ndilo linalomrudisha nyumbani.

Kuhusu kayaki ya kukaa ndani dhidi ya ile ya kukaa juu, hatukupoteza muda. Kwa kuvua baharini na kwa watoto, ni ya kukaa juu. Ikipinduka haijai maji, unaigeuza na kupanda tena.

Kulikuwa na njia ya katikati ambayo niliifikiria kwa uzito: kayaki ya makafi ya watu wawili yenye nafasi tatu za kukalia. Mtu mmoja anahamishia kiti katikati, chombo kinakaa sawa, na wakienda wawili viti vinarudi mbele na nyuma, huku mtoto mdogo akikaa katikati. Zipo za urefu wa mita 3.7 na uzito wa kilo 27 hivi, na kwa kazi ya familia nazipenda kwa moyo wote. Kwa uvuvi wa peke yake zina kasoro mbili. Upana wake unafika sentimita 86, tumbo lake ni bapa, ni za polepole, na zinataka kafi refu la sentimita 240 au zaidi. Na ukikaa katikati, vifuniko vya kuhifadhia na vishikizo vya fito viko mbali na mkono. Kwa mtu avuaye mara chache kwa mwaka, ningesema chukua hii na ufurahi. Huyu huvua kila wiki.

Basi ndipo mkewe, ambaye alikuwa amekaa kimya muda wote akitusikiliza, akauliza: "Baba watoto, tukipinduka na wewe ukaenda na maji, mimi na hawa wawili tutafanya nini?"

Swali hilo lilipindua mazungumzo yote. Sisi wawili tulikuwa tunajadili viti na kanyagio, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa anaiona familia ikiwa majini. Nikapendekeza tuache karatasi twende tukajaribu. Tuliazima ile kayaki ya kanyagio, ile ya nafasi tatu, na ya uvuvi ya mtu mmoja, tukachagua siku ya maji matulivu yenye upepo mwanana unaovuma kuelekea nchi kavu, kila mtu na jaketi lake mwilini, tukaanzia kwenye maji ya kifuani kabla ya kwenda kwenye kina.

Kayaki kubwa ilipopinduliwa, baba aliigeuza, lakini kwa taabu. Namna yenyewe ni kupitisha mikono juu ya tumbo la chombo, kushika mpini au kamba ya ubavu wa pili, kuweka magoti kwenye ubavu wa karibu, kisha kujitupa nyuma kwa uzito wote. Kwa chombo cha sentimita 90 na kilo 50, mkono mfupi haufiki upande wa pili. Mama alijaribu, akajaribu tena, akashindwa. Kwa ile ya kilo 27, alishindwa mara ya kwanza kisha akaiweza, na baada ya hapo akawa anaigeuza kila alipotaka. Kupanda nako kukamwia rahisi alipoelekezwa: lala kifudifudi majini, piga miguu kwa nguvu mpaka kifua kikae juu ya sitaha, jigeuze makalio yakae kitini, kisha ndipo uvute miguu. Wanaoshindwa karibu wote huanza kwa kuning'inia wima, miguu ikiwa chini ya chombo, na kutoka hapo hakuna anayepanda.

Halafu tukajaribu lile lililomaliza ubishi. Mama na watoto kwenye ile ya nafasi tatu, baba pembeni kwenye ya mtu mmoja, wakapinduka kwa makusudi. Baba akasogea, kijana mdogo akashika ubavu wa kayaki ya baba yake akatulia pale, mama akageuza chombo na kupanda huku mumewe akikishikilia kisiyumbe, binti akapanda upande wa pili, na mdogo akavutwa juu kwa mabega ya jaketi. Ilikwisha haraka, bila kelele. Nikamuuliza baba: wangekuwa wote juu ya chombo kimoja, nani angebaki mkavu kumshika mtoto? Familia ikiwa baharini, chombo cha pili ndicho uokoaji wao wa kwanza, na hakuna kanyagio wala kiti kizuri kinachoweza kuchukua nafasi yake.

Bahati ni kwamba fedha ileile iliyotosha kayaki moja ya kanyagio ilitosha mbili za makafi, moja mpya na moja iliyotumika. Kayaki za kanyagio mara nyingi huuzwa mara mbili au zaidi ya zile za makafi za ukubwa unaokaribiana, kwa hiyo hesabu hii itawafaa wengi.

Ya baba ikawa ya mita 4, upana sentimita 74, kilo 29 bila kiti. Inabeba 180 kwa namba ya mtengenezaji, yaani 126 kwa namba yangu; yeye na zana zake, na samaki akipatikana, hafiki hapo. Nilisisitiza mambo matatu. Kiti kiwe kinaweza kushushwa chini kabisa, kwa kuwa kiti kirefu ni kizuri kwa mgongo na kwa kuona mbali, ila hupandisha uzito juu, na mawimbi ya ubavuni yakianza utatamani kukaa chini. Kuwe na usukani unaoendeshwa kwa miguu na unaoweza kuinuliwa, kwa sababu mikono yake itakuwa na kazi nyingine. Na kifuniko cha omo kiwe kikubwa kiasi cha kuingiza fito ndani ya tumbo la chombo wakati wa kupita kwenye mawimbi yanayovunjika. Fito zilizosimama kwenye vishikizo huvunjika hapo, na ndoana zinazoning'inia huishia mwilini.

Juu ya upana nina neno. Wauzaji husifu kayaki pana kuwa haipinduki. Kwenye bwawa ni kweli. Baharini, chombo kipana chenye tumbo bapa hufuata mwinuko wa wimbi: wimbi likilala upande, nacho hulala nalo. Chembamba kidogo hutikisika mwanzoni na kumtia mtu hofu, kisha hutulia kwenye ubavu wake na kumwacha mpandaji abaki wima. Ndiyo maana sikutaka kuzidi sentimita 80 kwa huyu. Angekuwa mtu mzito zaidi, au anayetaka kuvua akiwa amesimama, ningemruhusu upana zaidi, pengine hata matengo madogo kama ya ngalawa kwenye maji yaliyojikinga.

Ya familia ni ile ya nafasi tatu, iliyotumika. Namba yake ni 190, yaani 133 kwangu. Mama na watoto wawili ni 120, na maji ya kunywa yanaingia bila wasiwasi. Chombo kilichotumika nacho kina ukaguzi wake. Plastiki ya polietilini hufubaa na kukakamaa ikikaa juani miaka mingi, kwa hiyo tuliangalia nyufa, hasa kuzunguka matundu ya kutolea maji na kwenye tezi inayoburutwa mchangani. Kisha tukaiacha ielee majini kwa muda na kufungua kizibo kuona kama maji yameingia. Hili si jambo dogo. Kayaki nyingi za kukaa juu zina tumbo moja lisilo na vizuizi ndani, na maji yaliyoingia hukimbilia upande ule ule chombo kinakoinamia, yakizidisha mwinamo. Wengi wanaodhani wamepinduliwa na wimbi walikuwa wamebeba maji tumboni muda mrefu. Mapande ya sponji isiyonyonya maji yaliyosokomezwa ndani hupunguza nafasi ya maji hayo.

Fedha iliyosalia iliishia kwenye majaketi, na hapo sikukubali kupunguziwa kitu. Jaketi lenye nguvu ya kuelea ya niutoni 50 ni la mtu ajuaye kuogelea aliye karibu na msaada. Kwa mtoto wa miaka 7 tulichukua la niutoni 100, lenye kola na mkanda wa kupita katikati ya miguu, kwani bila mkanda huo jaketi hupanda kichwani na mtoto hubaki chini yake. Kila mmoja ana filimbi. Baba ana redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, isiyoingia maji, imefungwa kwenye jaketi lake mwenyewe, na amejifunza kuita kwenye chaneli 16, chaneli ya kuomba msaada. Redio iliyofungwa kwenye chombo haina faida kwa mtu aliyetenganishwa nacho. Ipo pia kamba ya kuvutia chombo cha pili. Makafi yana kamba zake, lakini kamba hizo hufungwa na kufichwa wakati wa kupita kwenye mawimbi, na hakuna mtoto anayefungwa kwenye chombo kwa namna yoyote ile.

Mpaka waliojiwekea ni huu. Baba peke yake hatoki upepo ukizidi noti 10, kiwango ambacho kilele cha mawimbi huanza kuonyesha povu jeupe hapa na pale. Familia haitoki upepo ukizidi noti 7, wala mawimbi ya ufuoni yakipita magoti ya binti. Na upepo unaovuma kutoka nchi kavu kwenda baharini huwafunga wote, hata ukiwa mdogo. Huo ndio upepo ninaouogopa kuliko wote. Karibu na ufuo bahari huonekana imelala kama kioo, mtu anajisikia mwepesi anavyokwenda nje, na anapogeuka ndipo anapogundua ni nani aliyekuwa akimsukuma. Wakati wa kurudi, hakuna anayesimama kati ya chombo na ufuo: kayaki iliyogeuzwa ubavu na wimbi, ikiwa na mtu juu yake, huja na uzito wa kuvunja mguu wa mtu mzima.

Hukumu yangu ingekuwa nyingine kama hali zao zingekuwa nyingine. Wangekuwa na ghuba iliyojikinga, mteremko wa kuingizia chombo kwa trela, na baba na mama ndio wavuvi wenyewe bila watoto, kayaki ile ya kanyagio ingekuwa jibu zuri, na mimi ningeisifia. Baba bado anazitamani kanyagio. Kayaki yake mpya haina nafasi ya kuzifunga, na nilimweleza hilo kabla hajalipa, alichagua akijua. Kwa sasa hukokota chambo kwa kuegemeza ufito kwenye kishikizo kilicho mbele yake, mahali anapouona ukipinda huku akipiga kafi.

Kilichobaki wazi ni ukuaji wa watoto. Binti akifika kilo 50 na mdogo wake 30, mama na wao wawili watakuwa 143, zaidi ya ile 133. Hapo binti atahitaji kayaki ndogo yake mwenyewe, na ili awe tayari, nimewashauri waanze sasa kumfundisha kupiga kafi akiwa kiti cha mbele na kugeuza chombo akiwa peke yake kwenye maji ya kifua chake, mama yake akiwa pembeni.